Shahidi wa Baraza na Shahidi wa Imani: Kusoma Maisha ya Watakatifu, kutoka Zama za Kati hadi Namugongo

Kila mwaka ifikapo tarehe 3 Juni, barabara zote ziendazo Namugongo hufurika watu. Wapo wanaotoka Masaka, Mbarara na Gulu, na wapo wanaovuka mipaka kutoka Kenya, Tanzania, Rwanda na Kongo, wengine kwa miguu kwa majuma kadhaa. Njiani utasikia lugha nyingi, na pale ambapo Mganda na Msukuma wanakutana kwenye kibanda cha chai, lugha inayowaunganisha ni Kiswahili. Watu hawa wote wanakwenda kuwakumbuka vijana waliouawa mwaka 1886. Lakini wanawajua vijana hao kwa njia gani? Wanawajua kwa sababu habari zao ziliandikwa, na ziliandikwa kwa kufuata utanzu wenye umri mkubwa kuliko Buganda yenyewe: maisha ya watakatifu.

Makala haya yanakusudia kuueleza utanzu huo kwa walimu na wanafunzi wa Kiswahili, kisha kuonyesha jinsi ya kuusoma kwa jicho la mwanahistoria bila kuidharau imani ya wanaoupenda.

Neno lenyewe

Tuanze na lugha, kwa kuwa ndiyo kazi yetu. Neno la Kigiriki lililozaa jina la wafiadini katika lugha nyingi za Ulaya ni "martys", na maana yake ya awali ni mtu atoaye ushahidi mahakamani. Waliouawa kwa ajili ya imani waliitwa hivyo kwa sababu walisimama mbele ya hakimu wakasema waliyoyaamini. Waarabu nao walifuata njia hiyohiyo: "shahid" ni shahidi wa kesi, na pia ni mtu aliyekufa katika njia ya dini. Kiswahili kilipolipokea neno hili kilizichukua maana zote mbili. Luganda nacho kina "omujulizi", kutokana na kitenzi cha kutoa ushahidi, na ndiyo maana mashahidi wa Namugongo huitwa "Abajulizi".

Baadaye waandishi wa Kiswahili walibuni neno jingine, "mfiadini". Ni neno zuri, linaeleweka mara moja na linaondoa utata. Hata hivyo lina upungufu wake. Mfiadini ni mtu aliyekufa tu. Hatuoni ndani yake alisema nini na nani alimsikia. "Shahidi" linatukumbusha kwamba jambo hili lilianza na maneno: kuna aliyeuliza, kuna aliyejibu, na kuna aliyesikia akaenda kusimulia. Mwanafunzi akilishika hilo, amekwisha kuupata ufunguo wa utanzu huu.

Utanzu ulivyokua

Habari za kale kabisa za mashahidi wa Kikristo wa Kilatini zinatoka Afrika. Tarehe 17 Julai 180, watu 12 wa mji wa Scilli, katika eneo la Tunisia ya leo, walihukumiwa kifo mjini Carthage. Habari yao iliyotufikia ni fupi mno, kama kumbukumbu za karani wa mahakama: maswali ya liwali, majibu ya washtakiwa, hukumu, basi. Liwali aliwauliza wana nini ndani ya kasha lao, nao wakajibu kwamba mna vitabu na nyaraka za Paulo. Mwaka 203, katika mji huohuo, aliuawa mama kijana aitwaye Perpetua pamoja na Felicitas, mtumwa aliyejifungua gerezani. Perpetua aliacha maandishi yake mwenyewe, akaeleza jinsi baba yake alivyomsihi aikane imani kwa ajili ya uzee wake na kwa ajili ya mtoto aliyekuwa akinyonya.

Katika karne ya 4 mateso yalikoma, na mtakatifu wa aina mpya akajitokeza: mtawa wa jangwani. Athanasio, askofu wa Aleksandria, aliandika maisha ya Antoni wa Misri, na kitabu hicho kikawa kielelezo kwa waandishi waliofuata. Kwa njia hiyo Zama za Kati zilirithi mikondo miwili: habari za kifo cha shahidi na habari za maisha ya mtawa au askofu. Ethiopia nayo iliukuza utanzu wake kwa Kigeezi, ukiitwa "gadl", yaani pambano, kwa kuwa maisha ya mtakatifu yalihesabiwa kuwa mieleka.

Kitabu cha maisha ya watakatifu kilichosomwa kuliko vyote katika Ulaya ya Zama za Kati ni kile kiitwacho "Legenda Aurea", alichokikusanya Jacobus de Voragine, Mdominiko wa Italia, katika miaka ya 1260. Nakala zake za mkono za Kilatini zilizosalia hadi leo zinakaribia elfu moja. Sura zake zimepangwa kwa kufuata kalenda ya sikukuu, kwa sababu zilikusudiwa kuwasaidia wahubiri. Tuangalie neno "legenda". Leo katika lugha za Ulaya lina maana ya hadithi isiyo na hakika. Kwa Kilatini maana yake ni "mambo ya kusomwa". Yalisomwa kwa sauti kanisani au mezani watawa wakila, na msikilizaji alitakiwa aondoke akiwa na hamu ya kuiga.

Kwa kuwa lengo lilikuwa kuiga, waandishi walitumia vielelezo vilivyozoeleka. Mtakatifu huwa na busara ya mzee angali mtoto. Mfalme huwa katili asiye na huruma hata chembe. Wazazi humlilia mwana wao aokoe maisha yake, naye hatikisiki. Mnyongaji hustaajabu. Katika kitabu cha Jacobus ndimo Mtakatifu Joji anapomwua joka, na mji ule uliokuwa ukisumbuliwa na joka umewekwa Libya, barani Afrika. Ile kumbukumbu kavu ya karani wa Carthage imekwisha kuwa mbali sana hapo.

Wasomaji wetu wa pwani hawatashangaa. Katika "Utenzi wa Tambuka" wa mwaka 1728 vita vimepambwa hivyohivyo, na manakibu ya Sheikh Abdulkadir Jilani husomwa kwa sauti katika hadhara za Kadiria. Anayeuliza kama kila jambo lililomo "lilitokea kweli" anauliza swali halali, lakini si swali ambalo utanzu ulikusudia kulijibu kwanza.

Kanisa lenyewe liliona hatari ya mapambo kupita kiasi. Mwaka 1234 ilithibitishwa katika sheria kwamba ni Papa pekee mwenye mamlaka ya kumtangaza mtu kuwa mtakatifu, na uchunguzi wa mashahidi walioapishwa ukawa sharti. Mwaka 1643 kikundi cha Wajesuiti kilichoitwa kwa jina la Jean Bolland kilianza kuchapa, huko Antwerp, maandishi ya kale ya watakatifu kwa uhakiki, kikitenga ya kuaminika na ya kubuni. Hivyo shahidi wa mahakamani alirudi kumwangalia shahidi wa imani.

Buganda: nchi ya wasomaji

Sasa tuje nyumbani. Kabaka Mutesa wa Kwanza alikifahamu Kiswahili kwa kuzungumza na wafanyabiashara waliotoka pwani, na Uislamu ulikuwa umeingia ikuluni kabla ya Ukristo. Mwaka 1875 Stanley alimwachia Mutesa kijana aitwaye Dallington Maftaa, aliyesomeshwa na wamisionari wa Zanzibar, awe msomaji na mwandishi wake. Wamisionari wa Kianglikana waliofika mwaka 1877, na wa Kikatoliki waliofika mwaka 1879, walianza kuzungumza na watu wa ikulu kwa Kiswahili kabla hawajaimudu Luganda. Alama za kipindi hicho bado zimo vinywani mwa Waganda: "okusoma", "ekitabo", "eddiini". Waliojifunza dini waliitwa "abasomi", wasomaji, wawe Waislamu, Waprotestanti au Wakatoliki. Watu wa Scilli na kasha lao la vitabu wangelielewa jina hilo mara moja.

Kwa hiyo anayedai kwamba Kiswahili kiliingia Buganda mgongoni mwa askari tu anaisahau sura ya kwanza ya habari hii.

Mwanga alirithi kiti mwezi Oktoba 1884 akiwa kijana wa miaka kama 16. Wakati huo Wajerumani walikuwa wakijitwalia ardhi upande wa pwani, na ikulu iliwaogopa wageni wanaokuja kutoka mashariki. Tarehe 31 Januari 1885 vijana watatu wa Kianglikana, Kakumba, Lugalama na Sserwanga, waliuawa. Tarehe 29 Oktoba Askofu Hannington aliuawa Busoga. Yozefu Mukasa Balikuddembe, mkuu wa vijana wa ikulu, alimkemea Kabaka kwa mauaji hayo, naye akauawa tarehe 15 Novemba huko Nakivubo, mahali ambapo leo pana kiwanja cha mpira na soko. Jambo jingine lililomkasirisha Mwanga ni kwamba vijana wasomaji walikataa matakwa yake ya kimwili. Vitabu vingi vya ibada vililipitia jambo hilo kwa maneno ya kufichaficha. Wanahistoria wanalitaja waziwazi, wakiliweka pamoja na hofu ya kuvamiwa na hasira ya mfalme anayeona watumishi wake wana bwana mwingine.

Mwishoni mwa Mei 1886 hasira ilifumuka huko Munyonyo. Usiku ule Kalooli Lwanga aliwabatiza wenzake kadhaa ambao hawakuwa wamebatizwa, akiwemo Kizito, mdogo wao, aliyekuwa na umri wa miaka kama 14. Wengine waliuawa njiani: Gonzaga Gonza huko Lubowa, Atanasi Bazzekuketta huko Nakivubo. Waliofika Namugongo walifungwa kwa wiki moja, kuni zikikusanywa. Tarehe 3 Juni walichomwa moto, Wakatoliki na Waanglikana pamoja. Wakatoliki siku hiyo walikuwa 13, Lwanga akiwa amechomwa peke yake. Kwa jumla Kanisa Katoliki linawahesabu mashahidi 22, wa kwanza akiwa Balikuddembe na wa mwisho Yohana Maria Muzeyi, aliyeuawa tarehe 27 Januari 1887. Waanglikana wanawakumbuka 23.

Jinsi habari ilivyoandikwa

Hapa ndipo habari ya Namugongo inapotofautiana na nyingi za Zama za Kati. Joka la Mtakatifu Joji liliandikwa karne nyingi baada ya Joji. Habari za Namugongo zilianza kukusanywa wakati majivu yalikuwa bado hayajasahaulika. Vijana watatu, Denis Kamyuka, Simeoni Ssebuta na Kaloli Werabe, walikwisha kufikishwa mahali pa kuchomewa wakasamehewa. Walikuwa wameyaona mambo kwa macho, na Kamyuka aliishi miaka mingi akiyasimulia. Apolo Kaggwa, aliyekuja kuwa Katikkiro na mwandishi wa historia ya Buganda, naye alikuwa miongoni mwa vijana wa ikulu waliopigwa mwaka ule wakanusurika. Uchunguzi rasmi ulihoji watu wa namna hiyo, na vitabu vilivyofuata, kama cha J. P. Thoonen cha mwaka 1941 na cha J. F. Faupel cha mwaka 1962, vilijengwa juu ya ushahidi wao. Papa Benedikto wa Kumi na Tano aliwatangaza wenye heri tarehe 6 Juni 1920, na Papa Paulo wa Sita akawatangaza watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964. Katika mahubiri yake siku hiyo aliwataja watu wa Scilli na wa Carthage, akiziunganisha Afrika mbili za nyakati mbili.

Je, hiyo ina maana kwamba vielelezo vya kale havimo? Vimo. Tuchukue mfano wa Mbaga Tuzinde. Mukajanga, mkuu wa wanyongaji, alikuwa ndugu yake na mlezi wake, akamsihi akane au ajifiche. Mbaga alikataa, na Mukajanga akaagiza apigwe shingoni afe kabla ya kutiwa motoni. Anayemkumbuka baba wa Perpetua ataona ni habari ileile. Msomaji mwenye shaka atasema msimulizi ameazima. Lakini tujiulize: katika nchi ambamo mnyongaji na mnyongwa walitoka katika ukoo mmoja, ni jambo gani lingetarajiwa zaidi ya ndugu kumwombea ndugu yake? Kielelezo huenea kwa sababu maisha nayo hujirudia. Kufanana peke yake hakutoshi kuwa hoja ya kukanusha. Inabidi tuulize nani alikuwepo.

Tukiuliza hivyo, tunaona kwamba ushahidi haulingani uzito mahali pote. Namugongo palikuwa na umati na walionusurika. Matiya Mulumba, kwa upande mwingine, alikatwakatwa viungo na kuachwa kwenye kilima cha Kampala ya Kale tarehe 27 Mei, akafa siku tatu baadaye. Inasimuliwa kwamba watu waliokuwa wakikata matete walimsikia akiomba maji wakakimbia kwa hofu. Siku zake za mwisho hazikuwa na mwenzake wa kuzisimulia. Mwanafunzi mwangalifu ataona tofauti kati ya kifo hiki na kile cha Mbaga, ingawa vyote vimepewa nafasi sawa katika vitabu vya ibada. Ataona pia kwamba Mulumba aliupitia Uislamu, kisha mafundisho ya Waprotestanti, kabla ya kuwa Mkatoliki. Safari kama hiyo haiingii kwa urahisi katika kielelezo cha mtoto aliyezaliwa mtakatifu.

Na yule mfalme katili? Katika "Legenda Aurea" mtesi hufa vibaya na mambo yakaishia hapo. Mwanga hakufuata mpango huo. Alipinduliwa mwaka 1888, akarudishwa kitini kwa msaada wa Wakristo wenyewe, akapigana na Waingereza, akahamishiwa visiwa vya Shelisheli, akabatizwa kwa jina la Danieli, akafa huko mwaka 1903. Kwa Waganda wengi yeye ni mtesi wa mashahidi na pia ni mfalme aliyekataa kutawaliwa na wageni. Kumfundisha kwa upande mmoja tu ni kumdhulumu mwanafunzi.

Wasioandikiwa

Limebaki jambo moja, na pengine ndilo zito kuliko yote. Mwaka 1876, miaka kumi kabla ya Lwanga, Mutesa aliamuru kuuawa kwa vijana Waislamu wa ikulu waliokataa kula nyama iliyochinjwa na watu wa Kabaka na kusali nyuma ya kiongozi asiyetahiriwa. Makumi yao walichomwa moto hapohapo Namugongo. Nao walikuwa wasomaji. Nao walimwambia mfalme kwamba kuna mwenye amri kuliko yeye. Lakini hapakuwa na taasisi ya kuwahoji walionusurika mapema, kupanga majina na kuyapeleka mbele ya baraza la wachunguzi. Na leo mwanafunzi anayeweza kuwataja mashahidi 22 kwa majina mara nyingi hawezi kumtaja hata mmoja wa Waislamu wale.

Pwani nayo ina mfano. Mwezi Agosti 1631 Sultani Yusuf bin Hasan wa Mombasa, aliyekuwa amelelewa Goa na kubatizwa Jeronimo Chingulia, aliiteka Ngome ya Yesu. Wareno na Waafrika Wakristo waliokataa kusilimu waliuawa. Ushahidi wao ulikusanywa Goa, lakini hawajatangazwa watakatifu, na ni wachache nje ya vyuo wanaowajua.

Imani ya mtu haipimwi kwa wingi wa karatasi, ila kumbukumbu yake hutegemea karatasi. Mali bila daftari hupotea bila habari, na watu vilevile.

Kazi yetu darasani

Walimu wa Kiswahili mjini Kampala wana nafasi ya pekee hapa. Wanafunzi wao wanayajua majina haya tangu utotoni; wengine wanayabeba wenyewe, kina Kizito, Lwanga, Mulumba, Balikuddembe. Habari hizi zinafaa kwa zoezi la ufahamu, la tafsiri na la masimulizi kuliko kifungu chochote kinacholetwa kutoka mbali. Mwalimu anaweza kumwelekeza mwanafunzi aulize maswali manne kila asomapo maisha ya mtakatifu. Nani anasema? Alikuwepo, au alisikia kwa aliyekuwepo? Maneno haya yalikusudiwa kusomwa wapi na mbele ya nani? Na ni nani aliyekuwepo ambaye hakuulizwa?

Maswali hayo hayamvunjii heshima mtakatifu yeyote. Waliomchunguza Lwanga kabla ya kumtangaza waliyauliza, tena kwa kiapo. Mwanafunzi Mwislamu, Mwanglikana na Mkatoliki wanaweza kuyauliza wakiwa wamekaa dawati moja, kila mmoja akiwa na wafu wake Namugongo.

Wazee wenye simulizi za koo za mashahidi, wa dini zote, bado wapo, na mahujaji wanaolala njiani kuelekea Namugongo hubadilishana habari hizo kwa Kiswahili kila mwaka. Mwanafunzi mwenye daftari na adabu ya kusikiliza anaweza kuanza kuziandika mwezi Mei ujao.